Damu ya Wageni

"Damu haidanganyi," wifi alisema, akaiweka glasi yake ya maji chini taratibu, kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu ubaoni na sasa anangoja kupigiwa makofi.

Hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyembishia pia. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi kubwa, khanga ameikaza kiunoni. Fundi vioo, mwenye nyumba, alikuwa dirishani na mkono wake wa kushoto umelala mapajani, kovu jipya likitambaa kutoka kwapani hadi kiwikoni pale kioo cha duka kilipomwangukia. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi kwa sababu ya kazi yake, alipewa stuli ya jikoni. Viti vilikuwa vimeisha, au vilifanywa viishe. Mapajani alimpakata binti yao, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuropoka tangu hajaota meno. Siku hiyo hata Chiriku alinyamaza.

"Tuelewane," wifi aliendelea. Alikuwa anakaa kwenye dirisha la malipo la duka la dawa, na mambo ya damu alikuwa ameyasoma kwenye simu hadi yakamtoka kwa moyo. "Mtoto kavimba vidole, kapelekwa hospitali, kakutwa na ugonjwa wa seli mundu. Maana yake ana S mbili. Moja kaitoa kwa mama yake. Sawa, mama kapimwa, anayo moja, hakatai. Ya pili lazima itoke kwa baba. Sasa kaka kapimwa pale kwetu dukani, kile kipimo cha haraka. Hana. Hana kabisa! Mimi sisemi kitu. Nauliza tu: ya pili katoa wapi?"

"Wewe husemi kitu, wifi," Msusi alijibu, "ila umeita watu waje kusikiliza unavyonyamaza."

"Usinigeuzie maneno."

"Siyageuzi. Nakwambia hivi, na baba Chiriku yupo hapa ananisikia: sijawahi kumjua mwanamume mwingine."

Wote wakamtazama fundi vioo. Yeye alikuwa anatazama sikio la mtoto. Tangu juzi alikuwa anatazama viungo vya Chiriku kimojakimoja, sikio, kisigino, unyusi, kama mtu anayekagua kioo kabla hajakitia kwenye fremu, akitafuta ufa. Hakusema neno. Msusi alisubiri neno hilo moja mpaka akaona haya kwa kulisubiri.

Mama mkwe akakohoa. "Katika ukoo wetu hatuna damu ya namna hiyo," alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, jambo ambalo Msusi alilihesabu kuwa ni hasira. "Hatufukuzi mtu. Mwezi ukiisha, utakwenda kwenu upumzike."

"Na mtoto, mama?"

"Mtoto ana mama yake."

Kati ya yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililomkata. Akainuka, akaikung'uta stuli kwa kiganja kama ilikuwa na vumbi, akairudisha jikoni.

*

Kuanzia hapo nyumba ikawa na adabu ya kutisha. Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza mwanawe baada ya ajali na bado hajarudi kwake, alijitengea kikombe chake na sahani yake, akawa anaviosha mwenyewe. Fundi vioo alihamia kwenye kochi. Alisema mkono unamuuma na kitanda kinamtonesha. Alimuaga mkewe asubuhi kama mpangaji anavyomuaga mpangaji mwenzake.

Saluni nako habari zilimtangulia. Mteja wake wa siku nyingi alikaa kitini, akasukwa nusu ya kichwa, kisha akauliza kwa upole ulioiva, "Eti shoga, ni kweli unahama?"

"Kichwa mbele," Msusi alisema.

"Nauliza kwa wema."

"Na mimi nasuka kwa wema. Ukigeuka tena, upande huu utakuwa na mistari ya barabarani."

Wengine wakacheka, naye akacheka nao, maana kulia mbele ya wateja ni kuwagawia chakula cha wiki nzima. Lakini vidole vyake vilifanya kazi na kichwa chake kikafanya kazi nyingine. Kila mara alirudi palepale. Kanuni aliyoisema wifi ilikuwa kweli. Hata hospitali walimwambia hivyohivyo. Na yeye alijua kilicho kweli kuhusu mwili wake. Kweli mbili zilikuwa zimekaa kwenye chumba kimoja na haziongei. Katika kazi yake, msuko ukikaa kombo huwezi kulaumu ncha. Unafumua, unarudi hadi kwenye ngozi, pale ulipogawa nywele mara ya kwanza, kwa sababu kosa liko huko. Alifumua na kufumua. Hakuliona.

*

Jumapili mchana alikuja Mnene. Huyu alikuwa mkata vioo mwenzake fundi, mtu wa kifua kipana na cheko linalofika kabla yake. Siku ya ajali ndiye aliyemfunga fundi mkono kwa shati lake mwenyewe, na ndiye aliyewaongoza mafundi wa karakana wote kwenda kutoa damu. Chupa baada ya chupa ziliingia kwa majeruhi siku ile, hata daktari akasema huyu sasa ameanza upya.

Alimkuta fundi amejinyoosha kwenye kochi.

"Shemeji!" akamwita Msusi aliyekuwa anampa mtoto dawa. "Huyu mumeo mbona amegeuka mvivu? Zamani ukimkuta amelala mchana ujue amekufa."

"Muulize mwenyewe."

"Simuulizi, najua. Ni damu yangu hiyo! Mimi nikishiba nalala. Nimemtilia usingizi wangu wote, sasa mimi ndiyo niko macho." Akalibonyeza bega la fundi kwa kidole. "Bwana, ukianza na kukoroma, ujue ni mimi ninayekoroma humo ndani. Damu yako wewe si imebaki pale sakafuni? Nilisaidia kuideki."

Fundi alitabasamu nusu. Lakini kijiko cha dawa kilikuwa kimesimama hewani, na Chiriku, kinywa wazi kama kinda, alikuwa anamshangaa mama yake.

Kwa sababu Msusi alikuwa amesikia swali. Halikuwa swali la Mnene. Lilikuwa la dada wa maabara pale kliniki ya watoto, siku ile alipoushika mkono wa Chiriku, sindano tayari, kisha akasita na kuuliza: "Mtoto huyu amewahi kuongezewa damu miezi ya karibuni?" Naye alijibu hapana, bila kujiuliza kwa nini anaulizwa. Sasa alijiuliza. Na pale duka la dawa, walipomtoboa mumewe kidole, nani alimuuliza?

"Mnene," alisema polepole, "hebu rudia hilo la mwisho."

"Lipi? La kudeki?"

"La damu yake kubaki sakafuni."

*

Alikwenda kliniki kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua saluni. Dada wa maabara alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaivua miwani.

"Alipata ajali lini?"

Msusi akamwambia.

"Na kipimo cha haraka kikafanywa wiki chache baadaye? Hawakumuuliza kama ameongezewa damu?"

"Hawakumuuliza. Na yeye hakujua kwamba ni jambo la kusema."

"Mama, kile kipimo kinafaa, sikidharau. Lakini S ikiwa chache sana kwenye tone la damu hakiioni. Mtu aliyepewa damu nyingi hivyo, ukimpima mapema, unawapima waliomchangia." Akaona uso wa Msusi unavyobadilika, akainua mkono. "Polepole. Sijakwambia anayo. Nimekwambia bado hajapimwa. Mlete. Hapa tunatumia kipimo kikubwa, kinachotenganisha damu aina kwa aina."

Kumpata fundi kulikuwa kazi kuliko kumpata dada wa maabara. Msusi alimfuata karakanani, katikati ya vioo vilivyosimama wima ukutani, na kila alikogeuka alijiona yeye mwenyewe, na mumewe, wawili wawili, wote wamekunja uso.

"Nimeshapimwa," fundi alisema.

"Hujapimwa. Amepimwa Mnene na wenzake."

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Hospitali. Twende nawe uyasikie."

Akaanza kufuta kioo kisichokuwa na doa. "Na tukienda kikatoka vilevile?"

Sasa Msusi akaelewa. Mumewe hakuwa amenyamaza kwenye kikao kwa sababu alikuwa na uhakika. Alinyamaza kwa sababu palipobaki na shaka palibaki na nafasi ya kumpenda, naye alikuwa anaishi kwenye nafasi hiyo, finyu kama kochi lile. Hakutaka kupimwa tena asije akaipoteza.

"Kikitoka vilevile," Msusi alisema, "nitafunga mizigo yangu mwenyewe, na wewe utanibebea hadi barabarani. Lakini kikitoka vingine, baba Chiriku, hutanong'ona. Mlinisema kikaoni; mtanisafisha kikaoni. Viti vilevile, watu walewale. Nami sikai kwenye stuli."

Fundi aliweka kitambaa chini. Akavaa shati.

*

Siku ya majibu dada wa maabara hakuwaambia chochote mlangoni. Aliwaketisha mbele ya meza ndefu, akawasha taa iliyokuwa chini ya kipande cha kioo. Fundi, kwa mazoea, alikigusa ukingoni kwa kidole gumba, akanong'ona kwamba kimekatwa vibaya.

"Ndani ya damu," dada alianza, "kuna kile kitu chekundu kinachobeba hewa. Kinaitwa himoglobini. Kwa watu wengi ni aina moja, tunaiita A. Wengine wana S. Kwa macho zote nyekundu, huwezi kuzitofautisha. Basi tunachukua tone, tunaliweka kwenye utepe ulioloa, tunapitisha umeme. Hapo kila aina inakwenda kwa mwendo wake. A inatangulia. S inachechemea nyuma. Tukizima umeme tunaangalia nani amefika wapi."

Akaweka utepe wa kwanza juu ya mwanga. Mistari miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma, unene karibu sawa. "Huyu ni mama. A kutoka kwa mzazi mmoja, S kutoka kwa mwingine. Haumwi. Anabeba tu." Wa pili ulikuwa na mstari mnene wa nyuma, na mbele, pale pa A, hapakuwa na kitu. "Huyu ni Chiriku. S mbili. Ndiyo maana vidole vilivimba: chembe za damu zinajikunja na kuziba njia." Kisha akachukua wa tatu, na Msusi akahisi mkono wa mumewe unatafuta wake chini ya meza.

Mbele palikuwa na mstari wa A, mnene, umejaa, kama wino uliomwagika.

Fundi akaachia pumzi. Mkono wake ukalegea.

"Usiniachie," Msusi alimwambia, bila kumtazama. "Angalia nyuma."

Nyuma, pale pa S, palikuwa na mstari mwembamba. Mwembamba kama mkwaruzo wa almasi ya kukatia vioo. Lakini ulikuwepo, na ulikuwa umenyooka.

"Huo mnene," dada alisema, "ni wageni wako, fundi. Wamejaa nyumba, wamekaa hadi barazani. Huo mwembamba ni wewe, mwenye nyumba, umebanwa pembeni. Miezi michache ijayo wageni watakuwa wameisha, maana chembe za damu haziishi milele, na mwili wako unatengeneza zako kila siku. Tutapima tena, na mstari huo utanenepa. Lakini wachangiaji wa damu iliyokuja hospitali siku yako tuliwapima wote. Hakuna mwenye S. Kwa hiyo huo ni wako."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Msusi alisema.

Dada wa maabara alicheka hadi miwani ikamdondoka kifuani. "Ndiyo hivyo! Na apone kweli, maana wasingekuja asingekuwa hapa." Kisha akawa makini. "Neno moja. Kipimo hiki si cha kutafuta baba. Hakijui mambo ya ndoa. Kinajua himoglobini tu. Nani anamwamini nani, hilo mnajipima wenyewe."

Fundi vioo aliinamia utepe ule kwa muda mrefu. Machozi yalipomtoka alirudisha kichwa nyuma haraka, kwa adabu ya fundi, yasije yakadondokea kioo.

"Mke wangu," alisema.

"Sema kikaoni," alijibu Msusi. Lakini mkono wake hakuuachia.

*

Kikao cha pili kilijaa kuliko cha kwanza, kwa sababu fundi alimwita na Mnene, na Mnene hajawahi kuja mahali akawa mtu mmoja. Msusi alikaa kwenye kochi kubwa, katikati. Fundi mwenyewe alikwenda jikoni akaleta stuli, akaikalia.

Alizungumza kwa shida, maana alikuwa mtu wa vioo si wa maneno. Akaeleza mistari. Akaeleza wageni. "Kanuni ya dada yangu ni sahihi," alisema. "S ya pili ilitoka kwa baba. Ilitoka kwangu. Kosa ni kwamba siku ile sikuwa mimi kwenye kile kidole. Na kosa kubwa kuliko hilo ni langu: mke wangu alisema neno mbele yenu, nami nikatazama sikio la mtoto. Mke wangu, nisamehe. Nasema hapa, wote wasikie."

"Kwa hiyo mlinipima mimi!" Mnene alipiga kelele. "Wiki nzima mnaijadili damu yangu humu ndani bila kunialika!"

Hata wifi alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Akavuta kiti karibu na kochi. "Wifi, nilikuwa na hesabu," alisema chini, "nikasahau kuuliza. Kuanzia leo, kila anayekuja kutobolewa kidole pale dukani, mimi ndiye nitakayemuuliza kama ameongezewa damu. Hata kama hawanilipi kwa hilo."

"Uliza kwa sauti ileile uliyoniuliza mimi," Msusi alisema. "Watajibu tu."

Wakashikana mikono, wakicheka vibaya, kama watu wanaovuka tope.

Ni mama mkwe tu aliyekuwa bado hajasema. Alimchukua Chiriku mapajani, kwa mara ya kwanza tangu vidole vivimbe, akavifungua kimojakimoja. Dawa zilikuwa zimefanya kazi. Vilikuwa vyembamba, na Chiriku, aliyerudiwa na maneno yake, alikuwa anavihesabu kwa lugha anayoijua peke yake.

"Nilivijua," mama mkwe alisema.

"Mama?" fundi akauliza.

"Vidole. Siku ya kwanza nilipoviona nilivijua. Kifungua mimba wangu, kaka yenu ambaye hamkumwona, alivimba hivihivi. Mikono, kisha miguu. Alilia hadi akachoka kulia. Nilipomzika, wakwe zangu walikaa kikao kama hiki. Walisema mkono wangu ni wa nuksi. Walisema nimemnyonyesha maziwa machafu." Akakifunika kiganja cha Chiriku kwa chake. "Mama Chiriku, nilipoviona vidole hivi nikasema, hapana, si hiki tena, si damu yetu. Nilitaka kiwe cha mtu mwingine yeyote. Nikakubebesha wewe."

Msusi alimtazama mwanamke yule na kwa mara ya kwanza hakumwona mama mkwe. Alimwona msichana mdogo kwenye stuli ya jikoni.

Aliinuka, akasogea, akampisha nafasi. "Njoo ukae huku, mama," alisema. "Kochi ni kubwa."

*

Mama mkwe ndiye aliyetaka mwenyewe kupimwa. Walimwambia hakuna haja, umri wake umeshakwenda. Akasema umri wake ndio unaotaka kujua. Alivaa nguo yake ya kutokea, akajipaka mafuta, akaenda kliniki katikati ya mwanawe na mkwewe kama bibi harusi.

Chiriku naye alikuwa na miadi siku hiyo. Alipimwa uzito; alikuwa ameongezeka. Ugonjwa ulikuwa upo, na kila mtu alijua kwamba utakuwepo kesho na kesho kutwa. Lakini dawa zilikuwa zipo pia, na maji ya kunywa kwa wingi, na sasa palikuwa na watu watatu nyumbani waliojua nini cha kufanya mtoto akipata homa, na wa nne kwenye duka la dawa, na wa tano karakanani anayesema damu yake iko akiba.

Dada wa maabara akawasha taa chini ya kioo. Akauweka utepe.

Mistari miwili. Mmoja mbele, mmoja nyuma.

Mama mkwe aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa. Alinyoosha kidole kilichokunjamana, akauonyesha ule wa nyuma bila kuugusa. "Ni haka?"

"Ndiyo, bibi. Hako kamoja kako. Kengine lazima kalitoka kwa marehemu mumeo. Hizo S zilipokutana kwa yule mtoto, zikawa mbili. Si maziwa yako, wala si mkono wako. Hakuna ulichokosea."

"Hakuna nilichokosea," mama mkwe alirudia, kama anajifunza lugha. "Kamstari haka. Nimekabeba miaka yote, nikadhani nimebeba dhambi."

Alijiinua taratibu. Akatoka hadi kwenye korido ndefu, kwenye mabenchi yaliyojaa akina mama na watoto wanaosubiri sindano, akaweka kiganja mdomoni, akapiga vigelegele. Vilikwenda hadi mwisho wa korido, vikagonga mlango wa vioo, vikarudi.

"Bibi, bibi!" muuguzi mmoja alikuja mbio. "Hapa ni hospitali! Nani amejifungua?"

"Mimi," mama mkwe alisema. "Mtoto wangu wa kwanza. Leo ndiyo nimetoka naye."

Muuguzi hakuelewa, akabaki amesimama. Lakini Msusi alielewa. Alimpa fundi vioo mtoto, akaweka kiganja mdomoni, akampokea mama yake vigelegele pale alipoishia pumzi. Na kwenye mabenchi, mwanamke mmoja ambaye hakujua habari yoyote akaona isiwe tabu, akaitikia, kisha mwingine, na mwingine. Chiriku, begani mwa baba yake, alifumbua macho makubwa, akasikiliza kwa makini, kisha akavuta pumzi na kuanza kupiga kelele kuwashinda wote.